Maisha ya Bibi Anne Bradstreet

Katika nchi ya Uingereza, zamani za Mfalme James wa Kwanza, alikuwako mtu mmoja jina lake Thomas Dudley. Katika ujana wake alikuwa askari, kisha akawa msimamizi wa mali na mashamba ya bwana mmoja mwenye cheo kikubwa, Earl wa Lincoln. Mkewe aliitwa Dorothy. Yapata mwaka 1612 walipata binti, wakamwita Anne. Habari za binti huyo ndizo zilizoandikwa hapa. Katika watu wote waliokaa katika makoloni ya Waingereza kule Amerika, yeye alikuwa wa kwanza ambaye kitabu chake cha mashairi kilipigwa chapa. Naye hakuwa kasisi wala mwalimu wa chuo, bali mama wa nyumbani mwenye watoto wanane.

Siku zile wasichana wengi wa Uingereza hawakufundishwa ila kushona, kupika, na pengine kusoma kidogo. Lakini Bwana Dudley alipenda vitabu, wala hakumnyima bintiye kile alichokipenda mwenyewe. Katika nyumba ya Earl vilikuwamo vitabu vingi, na Anne akasoma habari za wafalme wa kale, na mashairi, na zaidi ya yote Biblia. Baadaye aliwaeleza wanawe kwamba alipokuwa na umri wa miaka 6 au 7 dhamiri yake ilianza kumsuta kila alipokosa, naye akaona faraja katika Maandiko. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alishikwa na ndui, ugonjwa uliokuwa ukiua watu wengi, akapona. Muda si mrefu akaolewa na Simon Bradstreet, kijana aliyesoma katika chuo cha Cambridge na kufanya kazi chini ya baba yake. Ndoa yao ilikuwa ndoa ya mapenzi ya kweli tangu mwanzo hata mwisho.

Katika miaka ile Kanisa la Uingereza lilikuwa na mashindano makubwa ndani yake. Walikuwako Wakristo waliosema kwamba Kanisa halijasafishwa vya kutosha tangu lilipoachana na Papa wa Roma. Walitaka ibada isiyo na mapambo, na mahubiri mengi, na Biblia mkononi mwa kila mtu. Kwa sababu hiyo waliitwa Wapuritani, yaani watu watakao usafi wa dini. Waliamini kwamba mambo yote ya mtu yako mbele ya macho ya Mungu, si sala za Jumapili tu, bali na kazi yake, na chakula chake, na ugonjwa wake, hata hasara ndogo ya shambani. Kwa hiyo walikuwa na desturi ya kuyachunguza mambo ya kila siku, ili wajue Mungu anawafundisha nini. Desturi hii ikumbukwe, kwa maana ndiyo mzizi wa mashairi ya Anne.

Mfalme Charles wa Kwanza hakuwapenda Wapuritani. Mwaka 1629 alilivunja Bunge, na wengi wao wakakata shauri kuhama waende Amerika, mahali watakapoweza kumwabudu Mungu kama walivyoona ni haki. Akina Dudley na akina Bradstreet walikuwa miongoni mwao. Waliingia katika merikebu iitwayo Arbella, wakatweka tarehe 8 Aprili mwaka 1630. Anne alikuwa na umri wa miaka 18 hivi. Walisafiri zaidi ya miezi miwili katika bahari yenye baridi na dhoruba, hata tarehe 12 Juni wakafika Salem, katika nchi ya Massachusetts.

Waliyoyakuta huko hayakuwa kama walivyotumaini. Wenzao waliotangulia walikuwa dhaifu kwa njaa na maradhi, na wengi wamekwisha kufa. Wageni nao wakaanza kufa. Bwana Dudley alihesabu ya kuwa tangu Aprili hata Desemba mwaka ule watu kama 200 walipotea. Wakati wa baridi walikula kome na chaza wa pwani, na karanga za mwituni. Bwana Dudley alipomwandikia barua mke wa Earl kumweleza habari hizo, aliiandika juu ya goti lake karibu na moto, kwa kuwa hakuwa na meza, wala hakuwa na chumba kingine. Jamaa yake yote ilikuwa katika chumba kile kile. Mwezi wa Februari mwaka 1631 merikebu ikaleta chakula kutoka Uingereza, na watu wakamshukuru Mungu.

Anne alikuwa amezoea nyumba kubwa yenye vitabu na watumishi. Baadaye hakuwaficha watoto wake ya kuwa alipoiona nchi ile mpya na desturi zake mpya, moyo wake ulikataa. Alishindana na moyo wake hata alipokwisha kusadiki kwamba hiyo ndiyo njia ya Mungu. Ndipo akakubali, akaandikwa katika kanisa. Lakini kushindana huko na moyo wake hakukuwa kwa mara moja tu. Kulirudi tena na tena maisha yake yote, na kila kuliporudi alishika kalamu.

Walihama mara nyingi. Walikaa kwanza pale palipoitwa baadaye Cambridge, kisha Ipswich, mwisho wakaenda Andover, mahali palipokuwa mwitu bado. Ardhi ya Andover ilikuwa ya wenyeji wa nchi. Mkuu wao aitwaye Cutshamache aliitoa kwa paundi 6 na koti moja, bei iliyo ndogo mno kwa nchi kubwa namna ile. Wenyeji hao walikuwa wamekwisha kupungua sana kwa maradhi yaliyoletwa na wageni kutoka ng'ambo.

Miaka ikapita Anne asipate mtoto, naye akaomba kwa machozi mengi. Yapata mwaka 1633 akamzaa Samuel; na baada yake wakafuata Dorothy, Sarah, Simon, Hannah, Mercy, Dudley na John. Wote wanane wakafika utu uzima, jambo lililokuwa adimu siku zile. Bwana Simon alikuwa mmoja wa waamuzi wa koloni, na mara nyingi alikwenda Boston kwa shughuli za serikali, hata akakaa huko siku nyingi. Anne alibaki na watoto na watumishi, akaangalia mkate wa mahindi, na nyama ya kutiwa chumvi, na sufu ya kusokota, na mishumaa, na sabuni, na wagonjwa. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa afya. Alishikwa na homa na udhaifu mara kwa mara.

Basi aliandika saa ngapi? Aliandika usiku, watoto walipokwisha kulala. Shemeji yake John Woodbridge, aliyekuwa mchungaji wa Andover, alishuhudia kwamba mashairi yale yalitoka katika saa chache alizozipunguza katika usingizi wake na katika mapumziko yake, wala hayakuiba kitu katika kazi za nyumba. Ushuhuda huo ulikuwa na maana, kwa kuwa watu wengi walidhani kwamba mwanamke anayeshika kalamu hana budi kuiacha sindano. Tena ilikuwako hatari. Mwaka 1637 mwanamke mwingine, Anne Hutchinson, alishtakiwa kwa sababu ya mafundisho ya dini aliyoyatoa nyumbani kwake, akahukumiwa kufukuzwa katika koloni. Miongoni mwa waamuzi walikuwamo baba yake Anne Bradstreet na mume wake. Kwa hiyo Anne alijua vema jinsi sauti ya mwanamke ilivyoweza kuwaudhi wakubwa. Hata hivyo hakuacha kuandika; naye baba yake na mumewe hawakumkataza, bali walifurahi.

Mashairi yake ya kwanza yalikuwa marefu, yenye elimu nyingi. Aliandika habari za falme nne kubwa za kale, na majira manne ya mwaka, na vipindi vinne vya maisha ya mwanadamu. Aliwaandikia jamaa zake tu. Lakini mwaka 1647 Woodbridge alisafiri kwenda Uingereza, akachukua nakala za mashairi hayo pasipo Anne kujua, na mwaka 1650 yakapigwa chapa katika mji wa London. Wayunani wa kale walisimulia juu ya miungu wa kike tisa wa nyimbo na elimu, walioitwa Muse. Na jina la kitabu lilimwita Anne Muse wa kumi, aliyetokea Amerika. Watu walikinunua, na mwaka 1658 kiliandikwa katika orodha ya vitabu vilivyouzika sana Uingereza.

Anne alipokiona kitabu chake aliona haya, maana kilikuwa na makosa mengi ya chapa. Akaandika shairi akikifananisha na mtoto aliyetolewa nje mbele ya watu kabla mama yake hajamnawisha uso wala kumvika nguo nzuri. Mfano huo unaonyesha jambo lililobadilika katika uandishi wake. Zamani aliandika habari za wafalme aliowasoma vitabuni. Sasa alianza kuandika zaidi mambo aliyoyaona kwa macho yake, na kuyagusa kwa mikono yake.

Bwana Simon alipokuwa safarini, Anne alimwandikia mashairi ya mapenzi, akimwambia jinsi nyumba ilivyokuwa baridi bila yeye. Mwaka 1661 Bwana Simon alipopelekwa Uingereza kwa Mfalme Charles wa Pili, kutetea haki za koloni, Anne aliandika sala amwombee njiani, na aliporudi aliandika shukrani. Mara moja alipokuwa karibu kujifungua aliandika shairi la namna nyingine. Siku zile wanawake wengi walikufa katika uzazi, naye aliogopa. Alimwaga mumewe kwa upole, akamwomba awapende watoto wao, na awalinde wasiteswe na mama wa kambo, kama yeye hatakuwako. Mungu alimponya, akaishi.

Baada ya kuugua sana aliwaandikia watoto wake barua, wapate kuisoma atakapokuwa amekufa. Watu wengi wakiwaandikia watoto wao hujionyesha kuwa hawakuwa na kosa wala shaka. Anne hakufanya hivyo. Aliwaeleza wazi kwamba mara nyingi alijaribiwa asisadiki Maandiko, hata akajiuliza kama yuko Mungu, kwa sababu yeye hakuona miujiza kwa macho yake. Kisha akawaeleza jinsi alivyopata jibu. Alitazama mbingu na nchi, na usiku na mchana, na kiangazi na baridi vinavyofuatana kwa taratibu. Akaitazama na nyumba yake, jinsi wakubwa na wadogo walivyopata riziki yao kila siku. Akaona kwamba vitu hivyo haviwezi kuwa bila Yeye anayeviangalia. Mashaka yalirudi mara nyingine, naye hakuona haya kukiri hivyo. Alitaka watoto wake wajue kwamba mtu aweza kuwa na shaka na asiiache imani yake.

Mwaka 1664 mwanawe Simon alimwomba amwachie kitu alichokiandika kwa mkono wake. Anne akamwandikia mafundisho mafupi mafupi, karibu yote yakitoka katika kazi za mama wa nyumbani. Alisema kwamba mama anapotaka kumwachisha mtoto ziwa hupaka kitu kichungu, si kwa kumchukia, bali apate kula chakula kigumu na kukua. Vivyo hivyo Mungu hutia uchungu katika anasa za dunia, ili watu watafute zilizo bora. Alisema kwamba ngano haiwi mkate mpaka isagwe katikati ya mawe, na kwamba nyumba isiyofagiwa mara kwa mara huwachukiza wakaao ndani yake, hali kadhalika moyo. Alisema pia kwamba nyama nyingine huhifadhiwa kwa chumvi, na matunda kwa sukari. Basi wazazi wenye busara huwalea watoto wao kwa kadiri ya tabia ya kila mmoja. Hakuna hata mmoja wa mifano hiyo uliohitaji elimu ya chuo, na kila mtoto wake aliweza kuifahamu.

Jaribu kubwa likaja usiku wa tarehe 10 Julai mwaka 1666. Watu walikuwa wamelala, na Anne akaamshwa na mvumo wa moto na makelele. Alimlilia Mungu, akatoka nje, akasimama akiitazama nyumba yake ikiteketea mpaka asiweze kutazama tena. Hakuna aliyekufa, lakini nyumba iliungua pamoja na vyombo vyake, na vitabu, na mashairi mengi aliyokuwa hajayamaliza.

Katika shairi alilolitunga juu ya moto ule alisema kwanza kwamba vyote vilikuwa mali ya Mungu, naye ana haki ya kuvitwaa. Lakini moyo wake haukutulia upesi namna hiyo. Kila alipopita mahali pale aliyatafuta kwa macho mahali pa sanduku lake na kiti chake. Akakumbuka kwamba hapatakuwa na wageni mezani tena, wala mshumaa hautawaka, wala hadithi hazitasimuliwa. Ndipo akajikemea, akauliza kama hazina yake ilikuwa majivu yale, akajikumbusha nyumba iliyoko mbinguni, ambayo moto hauifiki. Shairi hilo husomwa hata leo, kwa sababu halidanganyi. Anne aliipenda nyumba yake, akailia. Naye akamtumaini Mungu, machozi yakiwa machoni bado.

Misiba haikuishia hapo. Mwaka 1665 mjukuu wake Elizabeth alikuwa amekwisha kufa, mwenye mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1669 wakafa wajukuu wengine wawili: Anne, mwenye miaka 3 na miezi 7, na Simon, mwenye mwezi mmoja tu. Mwaka 1670 akafa mama yao, mke wa Samuel. Kwa kila mmoja bibi yao alitunga shairi. Alisema kwamba miti huanguka ikizeeka na matunda huanguka yakiiva, na hiyo ndiyo kawaida. Bali kukatwa kwa chipukizi ni jambo la Mungu peke yake. Mtu asomaye mashairi hayo aona jinsi ilivyomwia vigumu kusema kwamba Mungu ni mwema. Hata hivyo alisema.

Mwisho Anne mwenyewe akashikwa na ugonjwa wa kukonda. Mwanawe Simon aliandika kwamba alibaki ngozi na mifupa, na mkono wake mmoja ulikuwa na kidonda kibaya. Mwanamke aliyekuwa akimwuguza alishangaa kuuona mkono ule ulivyoharibika, na Anne akamjibu kwamba siku moja utakuwa mkono wa utukufu. Alikufa Andover tarehe 16 Septemba mwaka 1672, akiwa na umri wa miaka 60 hivi. Kaburi lake halijulikani lilipo.

Mwaka 1678 mashairi yake yalipigwa chapa tena, safari hii katika mji wa Boston kule Amerika, pamoja na mengine yaliyoonekana katika karatasi zake. Barua aliyowaandikia watoto, na mafundisho yale mafupi, na shairi la moto, vilikaa mikononi mwa jamaa yake miaka mingi, hata vikapigwa chapa vyote pamoja mwaka 1867. Wanawe Samuel na Simon walikuwa wamesoma katika chuo cha Harvard, chuo ambacho hakikumpokea msichana hata mmoja siku zile. Mwaka 1997 chuo hicho hicho kilijenga lango na kulipa jina la Bradstreet, kwa heshima ya mama yao.

Mashairi marefu ya falme nne, yaliyomletea Anne sifa akiwa hai, leo husomwa na wachache. Yanayopendwa ni yale ya mume aliye safarini, na mtoto asiyenawishwa uso, na nyumba iliyoungua, na mjukuu aliyezikwa. Wako watu wadhanio kwamba Mungu huonekana mahali pakubwa tu, kanisani au vitani au katika majumba ya wafalme. Bibi huyu alimtafuta jikoni na kando ya kitanda cha mgonjwa, na akisha kufagia nyumba aliketi karibu na mshumaa, akaandika aliyoyaona.

MASWALI

1. Kwa nini Wapuritani waliondoka Uingereza?
2. Bwana Dudley aliandika barua yake juu ya goti kwa sababu gani?
3. Anne alipata wapi nafasi ya kuandika mashairi?
4. Eleza namna kitabu chake cha kwanza kilivyopata kupigwa chapa.
5. Anne aliwaambia watoto wake nini juu ya mashaka yake? Je, alifanya vema kuwaambia?
6. Taja kazi moja ifanywayo nyumbani kwenu, na fundisho liwezalo kutoka katika kazi hiyo.